Kufundishwa dini za wengine si kuachishwa dini yako
Wazazi wengi hapa Malindi huamini kwamba kijana akifundishwa dini za watu wengine, imani yake italegea. Dhana hiyo huchanganya kueleza dini na kulingania dini. Mwalimu anayeeleza kwa nini Mhindu huwasha taa wakati wa Diwali, au kwa nini Mkristo huadhimisha Pasaka, hamtaki mwanafunzi aungame lolote. Humtaka aelewe kwanza, kisha aseme kwa hoja anakubaliana na nini, anatofautiana na nini, na kwa sababu gani. "Mimi ni Mwislamu, na sasa naweza kueleza sababu" ni jibu kamili. Mji wenyewe una mfano wa kale: mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki aliyekuwa safarini kwenda India, alipita Malindi akajadiliana na Mwislamu mmoja mwenye heshima kuhusu ibada, wakaachana kila mmoja na rai yake. Nionavyo, hatari iko kwingine: masomo ya dini ya Kiislamu, ya Kikristo na ya Kihindu hufundishwa kila moja peke yake katika shule za Kenya, kwa hiyo kijana aweza kumaliza masomo akiijua dini ya jirani yake kwa uvumi tu.