Saa 10 za kufundishwa sukari: bei yake Marekani, na kwa nini udai kufundishwa peke yako

Mama mmoja mkimbizi kutoka Kivu, umri wake umeshapita miaka 70, alikuja kwangu na mfuko wa plastiki uliojaa kalamu za insulini, yaani vifaa vya kujichoma dawa ya kushusha sukari. Sukari ilikuwa haishuki, na daktari alikuwa ameshampandishia dozi mara tatu. Nikamwambia, "Mama, nionyeshe unavyojichoma." Akafunga sindano kwenye kalamu, akatoa kifuniko kikubwa cha nje, akazungusha namba vizuri kabisa, akabonyeza tumboni. Kile kifuniko chembamba cha ndani kinachofunika sindano yenyewe hakukitoa. Dawa yote iliishia humo. Muda wote huo alikuwa anajichoma plastiki.

Na alikuwa amefundishwa! Alikaa darasani na wagonjwa wenzake kwa jumla ya saa 9, mwalimu akisema Kiingereza mwanzo hadi mwisho, mkalimani hakuna. Kituo kilichomfundisha kilidai malipo na kikalipwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu saa hizo hazirudi.

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kufundisha watu kuishi na kisukari. Wazee wetu wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani wako kwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ambayo hasa ni ya wazee, na watoto wao huniuliza swali moja: mama akifundishwa peke yake, tutalipa shilingi ngapi? Wakisikia "peke yake" wanadhani ni huduma ya matajiri. Sivyo.

Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyoyaingiza mafunzo haya ya kisukari kwenye Medicare. Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari na huduma za bila kulazwa, inalipia saa 10 za mafunzo ya mwanzo, na zinatakiwa ziishe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kwanza. Saa 10 hizo ni za mara moja tu maishani. Kwa kawaida saa 1 ni ya ana kwa ana na 9 ni za kikundi. Baada ya hapo kila mwaka kuna saa 2 za marudio, ukiwa na rufaa mpya, yaani karatasi ya daktari ya kukupeleka kwenye mafunzo.

Malipo huhesabiwa kwa nusu saa. Kwenye karatasi ya bili utaona G0108, hiyo ni nusu saa ya mtu mmoja. G0109 ni nusu saa ya kikundi. Medicare inalipa asilimia 80 ya kiwango ilichokikubali, wewe asilimia 20. Viwango hubadilika kila mwaka na kila eneo, kwa hiyo nachukua namba za mfano: nusu saa ya peke yako iwe dola 50, ya kikundi iwe dola 15 kwa kila mtu. Kwa mpango wa kawaida, saa 1 peke yako na 9 za kikundi, jumla ni dola 370, na sehemu yako ni dola 74. Saa zote 10 ukiwa peke yako ni dola 1,000, sehemu yako 200. Tofauti ni dola 126, tena si za siku moja.

Ila kuna fedha ya mwanzo ambayo kila mwaka unailipa mwenyewe kabla Sehemu B haijaanza kulipa. Mwaka 2025 ilikuwa dola 257. Mgonjwa wa sukari anayekwenda hospitali mara kwa mara huwa anaimaliza mapema. Kama hali yake inaruhusu kusubiri kidogo, mwulize mtu wa bili kama imeshaisha kabla ya kupanga siku ya kwanza. Mgonjwa aliyeanzishiwa insulini asisubirishwe.

Sasa, saa zote 10 za peke yako hazitolewi kwa kuomba tu. Kanuni inataka sababu: darasa la kikundi halipatikani ndani ya miezi 2, au mgonjwa ana tatizo la kuona, la kusikia, au la lugha ambalo litamzuia kufaidika darasani. Lugha imetajwa waziwazi. Mzee asiyeelewa Kiingereza ana haki hii, lakini daktari anayemtibu lazima aiandike sababu hiyo kwenye rufaa na kwenye faili. Rufaa ikisema "mafunzo ya kisukari" basi, ofisi itampeleka darasani na wengine. Kwa hiyo mwambie daktari hivi: "Mama haelewi Kiingereza. Naomba uandike afundishwe peke yake kwa sababu ya lugha, na uandike ni saa ngapi."

Mkalimani hamlipi ninyi. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kinapaswa kumleta bure, na si haki kumgeuza mjukuu kuwa mkalimani wa sindano.

Asilimia 20 nayo ina njia. Mwenye kipato kidogo aombe QMB, mpango wa kuwasaidia wenye Medicare wa kipato kidogo, kupitia Medicaid ya jimbo lake, yaani bima ya serikali ya wasio na uwezo. Akikubaliwa, hiyo fedha ya mwanzo na ile asilimia 20 hadaiwi, na kituo hakiruhusiwi kumtumia bili ya huduma inayolipiwa na Medicare. Walio kwenye Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, wapige simu kwanza, kwani kampuni huchagua vituo na kupanga malipo yake. Asiye na bima kabisa aende kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato.

Yule mama alikuwa amebakiwa na saa 2 za marudio, yaani nusu saa 4. Ya kwanza ilikwisha kwenye kifuniko kile, na siku hiyohiyo nilimpigia daktari ashushe dozi, maana dozi iliyopandishwa mara tatu ikiingia mwilini yote ingemwangusha. Ya pili tukajifunza dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Ya tatu, mashine ya kupimia. Mambo ya bugali (ugali) na sombe (kisamvu) nilimpeleka kwa mtaalamu wa lishe siku nyingine, kwa sababu Medicare inalipia saa 3 za lishe mwaka wa kwanza na mgonjwa halipi hata senti, ila zisiangukie siku moja na mafunzo haya. Nusu saa ya nne tumeiweka kwa ajili ya mfungo wa kanisani kwao. Ameshaniambia atafunga, na ninataka tupange insulini yake na daktari kabla siku hizo hazijafika.