Kabla ya kuchomwa jentamaisini, uliza habari za upande wa mama

Kampeni ya Siku ya Kusikia Duniani, Machi 3, huturudishia swali lile lile hapa Nairobi: je, sindano inaweza kumfanya mtu kiziwi? Ndiyo, zipo zinazoweza. Jentamaisini, amikasini, kanamaisini na streptomaisini ni dawa za kuua bakteria za ukoo mmoja, aminoglaikosidi, na zote huweza kuua seli za sikio la ndani.

Kila sikio lina seli za kusikia zipatazo 15,000 tu: takriban 3,500 za ndani katika mstari mmoja na 12,000 za nje katika mistari mitatu. Kila seli ina vinyweleo vilivyoshikanishwa kwa nyuzi za protini mbili, kadherini 23 na protokadherini 15. Sauti ikivitikisa, nyuzi hukazika, mlango wa protini TMC1 hufunguka na potasiamu huingia; hapo ndipo ishara ya neva huanzia. Mlango huo ni mpana kiasi cha kuipitisha dawa pia, nayo ikishaingia haitoki upesi. Hubaki ndani ya seli hata baada ya damu kusafika, ndiyo maana uziwi huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya matibabu. Seli zikifa hazioti tena. Kuku huotesha zake, binadamu hawezi, na matone ya kitunguu saumu hayatazirudisha. Tafadhali tuyaache.

Dawa hizi hung'ang'ania ribosomu za bakteria, yaani viwanda vyao vidogo vya protini, na kuvuruga utengenezaji wa protini hizo. Mitokondria zetu, sehemu za seli zinazozalisha nishati, nazo zina ribosomu zinazofanana na hizo. Kwa watu wachache, herufi moja ya DNA ya mitokondria, nafasi ya 1555, imebadilika kutoka A kuwa G, na mfanano ukazidi. Kwao dozi chache zilizopimwa sawasawa zinaweza kutosha kuharibu usikivu. DNA hii hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa hiyo ulizia nyanya mzaa mama, wajomba, mama wakubwa na mama wadogo: kuna aliyepoteza usikivu baada ya sindano? Mwambie daktari mapema. Hilo si laana ya ukoo, na anayemficha ndugu kiziwi kwa aibu humnyima daktari habari anayoihitaji.

Mtajie pia ugonjwa wa figo na furosemaidi (dawa ya kuongeza mkojo), kwani vyote huongeza hatari. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, usitie matone ya jentamaisini bila kuonwa na daktari.

Atakayetumia dawa hizi kwa siku nyingi apimwe usikivu kabla ya dozi ya kwanza, au ndani ya saa 72 baada yake, kisha kila wiki moja au mbili, na tena miezi 3 na 6 baada ya kumaliza. Kipimo cha kawaida huanzia hezi (mitikisiko ya sauti kwa sekunde) 250 hadi 8,000, lakini uharibifu huanza kwenye sauti nyembamba kuliko hizo, kwa hiyo panapowezekana pimeni zaidi ya 8,000. Kusema "nasikia mazungumzo vizuri" hakutoshi. Usikivu ukishuka desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye masafa mamoja, yaani kiwango kimoja cha hezi, au 10 kwenye masafa mawili yanayofuatana, kipimo hurudiwa kuthibitisha, kisha daktari huamua kubadilisha dawa au dozi.

Haya hayamaanishi kukataa jentamaisini hospitalini. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu huihitaji pamoja na penisilini, na kuchelewa kunaweza kumuua. Tunachokataza ni sindano ya duka la dawa kwa mafua, bila karatasi ya daktari: haitibu virusi, na kuiuza hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Kwa kifua kikuu sugu, tangu 2019 Shirika la Afya Duniani halipendekezi kanamaisini tena. Matibabu yamehamia kwenye vidonge kama bedakwilini.

Masikio yakianza kuvuma, au ukiyumba unapotembea gizani, mwone daktari siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ataijaza fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa: jina la dawa, nambari ya bechi, dozi, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na dawa nyingine zote ulizotumia. Usiitupe chupa wala kisanduku, kwani nambari ya bechi huandikwa hapo.