Uteuzi asilia: tembo wa Gorongosa hawakuamua kuacha pembe

Utasikia mtu akisema tembo wa Msumbiji wamekuwa wajanja, wameacha kuota pembe ili majangili wasiwaue. Ni hadithi tamu, ila imekosea mahali penyewe hasa. Hakuna tembo aliyeacha kitu. Mwenye pembe alizaliwa kuwa nazo, na asiye nazo alizaliwa hivyo, mara nyingi kama mama yake.

Viumbe wa aina moja wanaoishi na kuzaana mahali pamoja hawafanani. Sehemu ya tofauti zao imo kwenye jeni, yaani yale maelekezo ya DNA ambayo mzazi humrithisha mtoto. Tofauti hizi za kijeni huanza na makosa madogo DNA inaponakiliwa, kisha kila uzazi huzichanganya upya kama karata. Makosa hayo hayajui kesho kutatokea nini. Ila mazingira yakiwa yanawawezesha wenye jeni fulani kuishi na kuzaa kuliko wenzao, kizazi kijacho kitakuwa na jeni hiyo kwa wingi zaidi. Huo ndio uteuzi asilia, alioueleza Charles Darwin mwaka 1859 bila kujua jeni ni nini.

Mkulima anayeteua mahindi ya mbegu na kuyatundika juu ya moshi wa jikoni hatengenezi punje hata moja. Anachagua katika alichovuna. Mahindi yote yangekuwa sawasawa, asingekuwa na cha kuchagua.

Sasa twende Gorongosa, hifadhi ya taifa iliyo katikati ya Msumbiji. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992, pembe ziligharimia mapigano na nyama ikalisha askari. Tembo walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kabla ya vita, kati ya majike, wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5 hivi, vita vilipokwisha, walikuwa asilimia 51. Mwenye bunduki aliyefuata pembe hakuwa na sababu kubwa ya kumpiga jike asiye nazo. Huyo akabaki, akazaa.

Je, haikuwa bahati tu? Kundi likipungua kiasi hicho, lolote laweza kutokea. Watafiti walilipigia hesabu swali hilo, na matokeo yao ya mwaka 2021 yakaonyesha kwamba jike asiye na pembe alikuwa na nafasi ya kupona karibu mara tano ya mwenzake. Bahati peke yake haifiki huko. (Wapo watakaosema risasi si jambo la asili. Sawa, lakini hesabu ya nani anazaa na nani hazai ni ileile, mwuaji awe jangili, ukame au ugonjwa.)

Kinachonivutia zaidi ni madume. Gorongosa huoni dume asiye na pembe. Badiliko la jeni linalomnyima jike pembe linaonekana kukaa kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazoamua jinsia. Jike ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na badiliko, anakosa pembe lakini anaishi. Dume ana X moja tu. Akirithi yenye badiliko, yaelekea hufa kabla ya kuzaliwa. Mama asiye na pembe hupoteza hivyo karibu nusu ya watoto wake wa kiume. Jeni iliyomwokoa yeye na risasi ndiyo inayowaua wanawe tumboni, na katika miaka ya amani hasara hiyo haina kinachoifidia. Tena pembe zina kazi: tembo hubandulia magome, huchimbia maji na udongo wenye chumvi.

Ndiyo maana hali haikuganda pale vita vilipoiacha. Kati ya majike waliozaliwa baadaye, wasio na pembe ni asilimia 33: bado ni wengi kuliko kabla ya vita, lakini si nusu tena. Mama asiye na pembe amebeba pia X nyingine iliyo nzima, aliyoipata kwa baba yake, dume mwenye pembe. Karibu nusu ya binti zake huirithi hiyo, nao huota pembe.