Mita sitini za ufukweni si kiwanja kilichobaki wazi

Kuanzia masika mpaka upepo mkali wa Juni hadi Agosti, malalamiko yanayotufikia ofisini hapa Mwanza ni ya aina mbili. Wa kwanza anasema ziwa limeingia uani kwake. Wa pili anasema maji ya ufukweni yamekuwa kijani kibichi, samaki wanaelea, na kuna mtu katia sumu. Kila mmoja anaomba tumshughulikie jirani. Kwa sehemu kubwa wote wawili wanaeleza jambo moja, na linagusa ukanda wa mita sitini za ufukweni ambamo sheria inakataza shughuli za kudumu.

Tuanze na kauli ninayoisikia hata kwa watu waliosoma: "Ziwa ni kubwa, haliwezi kuchafuka." Ukubwa tunaoujua ni wa upana tu. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 hivi. Lichukue ziwa zima ulipunguze liwe sinia la upana wa mita moja: maji yaliyomo hayatazidi unene wa karatasi mbili. Hicho ndicho tunachokunywa, tunachovulia na tunachomwagia.

Na maji hayo hayatoki kirahisi. Mengi huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kufyonzwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja, kule Jinja, Mto Nile unapoanzia. Sasa jua likichukua maji, halichukui mbolea wala kinyesi. Aliyewahi kusahau sufuria ya maji ya kisima jikoni anajua kinachobaki chini. Tulichomwaga mwaka juzi kupitia Mto Mirongo unaopita hapa mjini, kwa kiasi kikubwa bado tunacho.

Kinacholisumbua zaidi ziwa ni fosforasi na naitrojeni, virutubisho vilevile vinavyostawisha mahindi shambani. Vinatoka kwenye mashamba, kwenye mifugo, kwenye sabuni, na kwenye vyoo vinavyotapishwa mvua inaponyesha. Hili la kutapisha vyoo nitalisema wazi: anayefungua choo mlimani usiku wa mvua anajua maji yanakwenda wapi. Maeneo ya milimani kama Igogo na Mabatini yameshalazwa mabomba madogo ya majitaka. Kama bomba limepita mtaani kwako na bado hujaunganishwa, sababu ya kusubiri siioni.

Chanzo kingine huwashangaza wengi, nacho ni moshi. Vipimo vilivyofanywa upande wetu wa ziwa vilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani huanguka kutoka angani, kwenye vumbi na majivu ya mashamba na misitu iliyochomwa. Mkulima anayechoma mabua mbali kabisa na ziwa, ambaye pengine hajawahi kupanda mtumbwi, naye anachangia ukijani wa maji ya Luchelele, ufukweni hapa Mwanza.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2009 wanasayansi walioongozwa na Johan Rockström walitaja mipaka tisa ambayo dunia ikiivuka, mifumo inayotubeba huanza kuyumba: tabianchi, viumbe hai, maji, ardhi na mingineyo. Tathmini ya 2023 ilionyesha kuwa sita kati ya hiyo tisa imeshavukwa, na mmojawapo ni huu wa fosforasi na naitrojeni. Wenzetu wa mbali wanausoma kwenye michoro. Sisi tunauona tukisimama ufukweni Kirumba, hapa Mwanza.

Virutubisho vikizidi, mwani, yaani vijimea vidogo vya majini, huzaliana. Ukifa huzama na kuoza, na kuoza hutumia oksijeni, hivyo maji ya chini yanabaki bila hewa. Upepo mkali ukivuma, maji hayo hupanda juu, na samaki walioko hapo hukosa pumzi, hasa wale wanaofugwa kwenye vizimba ziwani ambao hawana pa kukimbilia. Hiyo ndiyo "sumu" inayoripotiwa mara nyingi. Sisemi hakuna anayevua kwa sumu. Wapo, na ni kosa la jinai. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kumtaja mtu, sampuli ipimwe. Watu wameshapigwa kwa tuhuma za aina hii.

Na ndugu zangu, maji yenye utando wa kijani msiyatumie hata mkiyachemsha. Baadhi ya mwani hutoa sumu, na moto hauiondoi.

Mafunjo na matete ya ufukweni ndiyo chujio la mwisho. Mizizi yake hushika udongo na kunyonya virutubisho kabla havijafika kwenye maji ya wazi. Ndiyo maana kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wake. Sheria hii si ya juzi. Eneo linaloonekana limeachwa bure linafanya kazi usiku na mchana.

Ninajua jibu: "Ziwa ndilo limetufuata." Mwaka 2006 maji yalishuka sana, watu wakasogea, wakalima bustani, wakajenga. Mwaka 2020 yakapanda, na 2024 yakapanda tena. Wazee wa Kayenze na Igombe wanaokumbuka miaka ya 1960 hawakushangaa. Unapotaka kununua kiwanja, waulize wao maji yalifika wapi, usipime mita zako kuanzia maji ya kiangazi. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba mmeuziana. Hauifuti mita hata moja kati ya zile sitini.

Sasa taratibu. Anayetaka kuchota maji kwa ajili ya shughuli kama umwagiliaji au kiwanda huomba kibali cha kutumia maji kwenye bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kurudisha maji yaliyotumika kunahitaji kibali kingine, cha kutiririsha majitaka, na hiki cha pili ndicho kinachosahauliwa. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Mkaguzi wa mazingira akikuta ukiukwaji, unaweza kupewa amri ya maandishi ya kusimamisha shughuli, au ya kurejesha mazingira kama yalivyokuwa, kwa gharama zako. Isome amri hiyo, angalia tarehe ya mwisho, tunza nakala. Kuipuuza ni kosa linalojitegemea, hata kama lile la mwanzo ungeweza kulitolea maelezo. Ukikiri kosa kwa maandishi, linaweza kumalizwa kwa malipo bila kufika mahakamani, lakini malipo hayakuruhusu kuendelea. Usiporidhika, sheria ya mazingira imeweka Baraza la Rufaa. Kung'oa usiku bikoni, zile nguzo za kuonyesha mpaka wa mita sitini, si rufaa, na kila mwaka tunarudi kuzisimika upya kwa fedha ambazo zingenunua vifaa vya kupimia maji.

Ukikuta samaki wamekufa, usiwaokote kwa kula wala kuuza. Waarifu viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wako, andika saa, upepo ulikotoka na rangi ya maji, kisha tupigie mapema, ikiwezekana alfajiri. Oksijeni hushuka kabisa kabla ya jua kuchomoza, kisha mwani huanza kuirudisha kwa mwanga wa mchana. Tukifika saa nane mchana, vipimo vinaweza kutuonyesha maji mazima, na kilichowaua samaki tusikijue.