Ndiyo, anacheka. Na bado anaumwa

Safari hii aliyekuja kunibishia kwamba mwanafunzi haumwi ni naibu mwalimu mkuu wa shule ya bweni. Kabla yake alikuwa mzazi wa Kisauni, Mombasa, na kabla ya huyo sikumbuki tena. Wote huja na ushahidi uleule: "Daktari, huyu jana nimemuona kwa macho yangu anacheka na wenzake." (Si daktari mimi, ni mwanasaikolojia, ila hilo nilishachoka kulisahihisha.) Anacheka, basi hana sonona (depression). Ana uvivu, ana simu, ana jini, ana jeuri. Chochote kile, ila sonona.

Haya, vigezo, nivipitie mbiombio. Dalili ni tisa. Zipatikane tano au zaidi, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, na moja kati ya hizo iwe ama moyo mzito ama kupoteza hamu ya mambo. Tena ziwe zimemvurugia masomo au maisha. Umeiona hiyo "ama"? Mtu anaweza kuvitimiza vigezo vyote bila kudondosha chozi. Na kwa watoto na vijana, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili tunaoufuata wengi wetu, DSM-5, unakubali hasira za karibukaribu zishike nafasi ya huzuni. Yaani yule mliyempa barua ya kwenda nyumbani kwa kumjibu matroni ovyo huenda ndiye. Nimesema huenda. Wajeuri wazima wa afya wapo, tena tele.

Sasa hicho kicheko. Watu wana picha moja tu ya mgonjwa wa sonona: kajifunika shuka gubigubi, kageukia ukuta, machozi hayakatiki. Wa hivyo wapo, na hao hawanipi tabu, kwani kila mtu anawaona. Lakini mwongozo huohuo unaitaja sura nyingine, ya mgonjwa ambaye moyo wake bado unaitikia. Mletee habari njema, atachangamka. Mpeleke ufukweni, bustani ya Mama Ngina, Jumapili jioni na wenzake, wale mihogo ya kukaanga, atacheka, na atacheka kweli, haigizi. Akirudi, analala mchana kutwa na bado anaamka hoi. Anakula kupita kiasi. Mikono na miguu inamlemea hata kusimama kuoga ni kazi. Na akihisi kidogo tu kwamba amekataliwa, mfano ujumbe wake umesomwa haukujibiwa, anaanguka siku tatu. Hiyo nayo ni sonona. Kuchangamka pakiwa na cha kuchangamsha kumo ndani ya maelezo yenyewe ya sura hii! Ninyi mnaniletea dalili halafu mnaiita ushahidi wa uzima.

Bwenini sura hii inajificha vizuri. Kengele inamwamsha, foleni ya uji inamsukuma, wenzake wanamtania, siku inakwisha. Likizo ndipo anapozimika, na mzazi anaapa kwamba shuleni mtoto alikuwa salama salimini.

Mwanafunzi mmoja wa chuo (nimebadilisha mambo asitambulike) alijaza PHQ-9, fomu ya kupimia dalili za sonona, mbele yangu huku akiifanyia mzaha kalamu yangu isiyotoa wino. Alinichekesha, sikatai. Fomu hiyo ina maswali tisa, kila moja sifuri hadi tatu, jumla 27, na kuanzia 10 tunakaa kitako tuzungumze. Nikaisoma. Kukosa hamu: tatu. Huzuni: sifuri. Uchovu: tatu. Kushindwa kutuliza akili: tatu. Swali la tisa, lile la kufikiria kufa au kujidhuru, alikuwa ametia alama kwenye sifuri, akaikata, akaihamishia kwenye moja. Kalamu mbovu ile, na bado aliipitisha mara mbili. Nikamuuliza wazi: unafikiria kujiua? Akatabasamu. "Si kujiua. Ni kutokuweko tu."

Na kabla hamjaniandikia: kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Limechunguzwa mara nyingi na madhara hayo hayakuonekana. Walimu, ulizeni.

Fomu yenyewe lakini tusiitukuze. Usingizi, chakula, uchovu na umakini ni maswali manne kati ya tisa. Igawe mwezi wa Ramadhani, mji umekesha mpaka daku, au wiki ya mitihani, uone alama zinavyopaa. Na yule aliyelala njaa kwa sababu pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo, hazijaingia? Hamu ya kula anayo, chakula ndicho hana. Wa namna hiyo humrudishia fomu baada ya wiki mbili hivi, na hata hapo kuna siku najiuliza kama nimepima ugonjwa au nimepima ufukara. Sijapata jibu la kuniridhisha. Muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, ndiyo balaa zaidi. Anayetafuna hapati usingizi, asiyelala moyo unadhoofika, na aliyedhoofika moyo anatafuna apate kuchangamka. Kipi kilitangulia? Aghalabu siwezi kusema.

Dawa ni kazi ya daktari wa akili, nami nitasema machache. Fluoxetine huwasaidia vijana, ila msaada wake ni wa wastani na huchukua wiki kadhaa. Tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka ibebe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa wenye umri mdogo, kwa hivyo wiki za mwanzo lazima awepo mtu wa kumwangalia. Msiinunue dukani kwa ushauri wa jirani.

Kusomewa? Sina ugomvi. Mpelekeni kwa shehe au mchungaji, mradi na kwangu mje. Ninayegombana naye ni yule anayemwambia mtoto kwamba imani yake ndiyo haba, au anayemchapa bakora ati jini litoke.

Halafu kuna shule zinazoniita nihutubie paredi nzima kwa nusu saa, picha zipigwe, mwaka umekwisha. Uingereza walijaribu jambo la maana kuliko hilo, wakawafundisha zaidi ya wanafunzi 8,000 mazoezi ya kutuliza akili darasani. Matokeo yaliyotoka 2022 hayakuonyesha faida kuliko masomo yao ya kawaida. Hapa kwetu Kenya, mpango wa Shamiri ulitumia vikundi vidogo na vikao vinne tu, ukiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi, na matokeo ya 2021 yalionyesha nafuu kwa wanafunzi waliokuwa na dalili. Nadhani siri ni udogo wa kikundi na kiongozi wa rika lao. Nadhani tu.

Kwa hivyo, mwalimu, uso wake uache. Niambie ameacha nini: mpira, madrasa, kwaya, kusuka nywele za wenzake? Tangu lini? Anarudi vipi baada ya kucheka? Na akisema amejaribu kujiua, usimtishe na polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichokuwa kikiwashtaki watu hao kinakwenda kinyume na Katiba. Usimwache peke yake, mlete hospitali siku hiyohiyo. Usiku ukiwa mkubwa, nambari ya simu 1199 ya Msalaba Mwekundu hailipishwi, na ya watoto ni 116.