Makala ngapi, manukuu mangapi: dhana potofu kuhusu rekodi ya mtafiti wa ubongo

Kamati za ajira na za kupandisha vyeo katika vyuo vikuu vya Uganda, pamoja na wafadhili wa utafiti, hupokea wasifu uliosheheni tarakimu: idadi ya makala zilizochapishwa, idadi ya mara zilizonukuliwa, na kipimo cha h, yaani namba moja inayounganisha wingi wa makala na wa manukuu. Tarakimu hizo hazidanganyi. Husomwa vibaya tu, na mtafiti wa mfumo wa neva aliyeko Kampala, Mbarara au Mbale ndiye huumia zaidi kwa usomaji huo.

Dhana potofu: Makala iliyonukuliwa sana ndiyo sahihi na muhimu zaidi.

Ukweli: Kunukuliwa huonyesha kwamba watafiti wengine wameitaja makala, iwe kwa kuikubali, kwa kuipinga au kwa sababu wameazima mbinu iliyomo. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, ingawa haikufichua siri yoyote ya ubongo. Iliwapa watu wa maabara kipimo walichokihitaji kila siku. Kwa upande mwingine, makala ya mwaka 2006 katika jarida la Nature, iliyohusisha aina fulani ya protini na upotevu wa kumbukumbu katika panya na hivyo kugusa utafiti wa ugonjwa wa Alzheimer, ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kuondolewa rasmi mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Kuondolewa huko hakufuti manukuu yake, na anayehesabu bila kusoma bado atayaona kama sifa.

Kinyume chake pia hutokea. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, Tanzania, katika miaka ya 1960, akaandika kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara bila kukusudia. Maandishi hayo yalikaa miaka mingi yakisomwa na wachache. Ugonjwa wa kutikisa kichwa ulipowakumba watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda, hadi mkutano wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo ukafanyika Kampala mwaka 2012, watafiti walilazimika kurudi kwenye kumbukumbu za Mahenge. Hakuna hesabu ya manukuu ya miaka mitano ya kwanza ambayo ingeweza kulitabiri hilo.

Dhana potofu: Kipimo cha h kinatosha kuwalinganisha watafiti wawili.

Ukweli: Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, ambaye ni mwanafizikia. Mtafiti ana h ya 20 iwapo makala zake 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja. Kutokana na ukokotoaji huo, h haiwezi kuzidi idadi ya makala: mwenye makala tatu zilizobadilisha fani nzima atabaki na h ya 3. Haishuki kamwe, hata mhusika akiacha utafiti, na hivyo humpendelea aliyeanza zamani. Zaidi ya hayo, ukubwa wa fani huamua kiasi cha manukuu yanayowezekana. Wanaochunguza ugonjwa wa Alzheimer ni maelfu kwa maelfu na hunukuliana kila wiki, ilhali wanaoshughulikia kichwa maji kwa watoto wachanga waliougua maambukizi ni kundi dogo. Hata hivyo, hospitali ya CURE ya Mbale ndipo daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alipoendeleza upasuaji wa kutumia kamera ndogo unaoweza kumwondolea mtoto haja ya kuwekewa mrija wa kudumu kichwani, na jaribio lililofanyika hapo kwa watoto 100 lilichapishwa mwaka 2017 katika New England Journal of Medicine. Kumweka mtafiti wa Mbale na wa Alzheimer kwenye mizani moja ya h ni uvivu, na sioni neno la upole zaidi la kuuita.

Dhana potofu: Jarida lenye hadhi huipa hadhi kila makala iliyomo.

Ukweli: Kigezo cha athari cha jarida ni wastani wa manukuu ambayo makala zake hupata, na wastani huo hubebwa na makala chache zinazonukuliwa mno huku nyingi zikiwa chini yake. Eugene Garfield, aliyekibuni, hakukusudia kiwe cha kuwapima watu. Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, liliwataka wafadhili na vyuo waache kukitumia kumhukumu mtafiti mmoja mmoja.

Dhana potofu: Idadi ya manukuu ni moja popote unapoitazama.

Ukweli: Google Scholar huhesabu hata tasnifu na makala ambazo hazijapitiwa na wataalamu, wakati hifadhidata za Scopus na Web of Science huhesabu yale tu yaliyomo katika machapisho zilizoyachagua, hivyo kwa kawaida mtu yuleyule huonekana na tarakimu kubwa zaidi katika Google Scholar. Kwetu Uganda kuna tatizo la ziada, nalo ni majina. Jina la ukoo likitangulia katika makala moja na kufuata jina la ubatizo katika nyingine, mashine huweza kumgawa mwandishi mmoja kuwa wawili, kila mmoja na sehemu ya manukuu. Namba ya ORCID, utambulisho wa pekee wa kila mtafiti ambao hutolewa bure tangu mwaka 2012, hupunguza usumbufu huo, na inashangaza kwamba bado wapo wasioijaza.

Dhana potofu: Jina la mwisho katika orodha ni la aliyechangia kidogo zaidi.

Ukweli: Katika sayansi ya neva, mara nyingi jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la mkuu wa maabara. Wanaofichwa na orodha ni wa katikati, na katika utafiti wa ushirikiano na nchi tajiri Waganda wengi huwa hapo, hata pale ambapo wao ndio waliowapata wagonjwa, wakaomba idhini ya maadili na kuwafuatilia watoto hadi vijijini. Majarida mengi sasa huchapisha maelezo ya mchango wa kila mwandishi mwishoni mwa makala, na kamati inaweza kuyasoma kwa dakika chache.