Je, wajua kwa nini msomaji hufungiwa kutoa maoni bila kuelezwa sababu?

Umesoma habari mpaka mwisho, umeandika hoja yako kwa adabu, unabonyeza kutuma, unaambiwa huna ruhusa. Hutajiwi kanuni uliyovunja wala mtu wa kumuuliza. Hili linauma kuliko kukosolewa, maana anayekosolewa angalau anajua alipoteleza.

Mara nyingi sababu ipo, na kubwa kuliko zote ni wingi. Mpaka mwaka 2017, gazeti la The New York Times lilikuwa na wasimamizi 14 waliopitia maoni zaidi ya 10,000 kwa siku. Hayo ni zaidi ya 700 kwa kila mmoja, na ndiyo maana ni takriban moja ya kumi tu ya habari zake zilizokuwa wazi kwa maoni. Kufuta ni kazi ya sekunde, kumweleza mtu kosa lake ni kazi ya dakika kadhaa. Mwaka huohuo gazeti hilo lilianza kusaidiwa na programu iitwayo Perspective, iliyotengenezwa na Jigsaw, kampuni ndugu ya Google. Programu hiyo huyapa maoni alama kulingana na uwezekano wa maneno hayo kumfanya mtu auache mjadala. Inatoa alama, haitoi sababu. Kwa hiyo ukimwuliza mhariri kilichokuponza, huenda naye hana la kukujibu.

Vichujio vya maneno ndivyo vinavyoonea watu waziwazi. Mwaka 1996, wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walishindwa kujiandikisha na huduma ya intaneti ya AOL. Kosa lao? Ndani ya jina la mji wao mna herufi nne zinazofuatana na kuunda tusi la Kiingereza. Kompyuta iliona tusi, haikuona mji.

Kuna pia anayefungiwa kwa kosa la mtu mwingine kabisa. Tovuti nyingi hukutambua kwa anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti, na kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani hazitoshi. Mmoja wao akitukana na anwani ikafungwa, wote waliomo wanafungiwa naye. Hapo hata tovuti haijui kwamba imekugusa wewe, sembuse kukueleza.

Halafu kuna hofu ya mahakama. Januari 2006, tovuti ya habari ya Delfi nchini Estonia ilichapisha habari ya kampuni ya feri iliyodaiwa kuharibu barabara za juu ya barafu. Wasomaji walimiminia matusi na vitisho mwenye hisa nyingi wa kampuni hiyo. Delfi iliyafuta maoni hayo mara tu mawakili wa mwenye hisa huyo walipolalamika, lakini wiki sita hivi zilikuwa zimepita. Ilitozwa euro 320, na Juni 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona kwamba uhuru wa kujieleza wa tovuti hiyo haukuvunjwa. Fedha ni kidogo, ila ujumbe uliwafikia wahariri wengi: ukichelewa kufuta, unabeba maneno ya wengine. Marekani ni tofauti, kwani kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinazilinda tovuti zikiacha maoni na zikiyafuta pia, na hakizilazimishi kumweleza mtu lolote.

Wakati mwingine ukimya ni wa makusudi. Watumaji wa matangazo ya utapeli wakijua neno lililowanasa, watalibadilisha na kurudi. Hivyo baadhi ya tovuti hukuachia uone maoni yako kama kawaida ilhali wengine hawayaoni kabisa. Kwa tapeli naielewa mbinu hiyo. Kwa msomaji wa kweli ni udanganyifu, anaandika miezi mingi akidhani anasikika.

Tena ukimya haulipi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2019 juu ya mamilioni ya maandiko katika mtandao wa Reddit ulionyesha kwamba walioelezwa kwa nini andiko lao limeondolewa walikuwa na uwezekano mdogo wa kuondolewa andiko jingine kuliko wale wasioelezwa.

Sheria imeanza kusogea. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 17, 2024, inayataka majukwaa ya mtandaoni yatoe sababu bayana na njia ya kukata rufaa. Ila utangulizi wake unasema sehemu ya maoni ya gazeti inaweza kuhesabiwa kuwa nyongeza tu, na gazeti lisiitwe jukwaa. Pengo hilo linamwacha msomaji wa habari palepale, na naliona si haki.

Yakikukuta, ingia kwa muunganisho mwingine wa intaneti uone kama kizuizi kimefuata akaunti yako au ni cha anwani. Fungua ukurasa huo bila kuingia kwenye akaunti uone kama maoni yako yapo. Kisha mwandikie mhariri anayeshughulikia malalamiko ya wasomaji, kama yupo, ukitaja kichwa cha habari, tarehe na maneno yako kama ulivyoyaandika, umwombe akutajie kanuni iliyovunjwa.